Darsa Kati ya Rafu za Vitabu: Safari ya Tunduma Hadi Barabara ya Samora

Tunduma ni mji wa kupita. Malori hujipanga usiku na mchana yakielekea Zambia na Kongo au yakirudi bandarini Dar es Salaam. Wabadilisha fedha wameketi na vibunda vyao vya kwacha na shilingi. Reli ya TAZARA nayo inavuka mpaka hapa, ikiwa katika mwendo wake wa kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi. Mgeni akiteremka Tunduma huuliza foleni imefika wapi, kwacha inauzwa kiasi gani na basi linaondoka saa ngapi. Ni nadra kumsikia anayeuliza mji huu umetoka wapi. Na sisi wenyeji, tulioshughulishwa na riziki, tumezoea kutoulizwa.

Lakini ardhi hii imebeba habari nzito. Mwaka 1881 ilianza kazi ya kutengeneza Barabara ya Stevenson, iliyopewa jina la tajiri wa Kiskochi aliyetoa fedha zake, ili kuunganisha ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Barabara hiyo haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba wa Julai 1, 1890, mstari ulipitishwa kwa namna ya kuiacha barabara upande wa Waingereza. Wanyamwanga wakajikuta wamekaa pande mbili za mpaka ambao hawakushauriwa juu yake. Ndugu na ndugu, lugha moja, makaburi ya mababu yaleyale, lakini bendera mbili.

Miaka 28 baada ya mkataba huo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuja kumalizikia katika ukanda wetu. Mapema Novemba 1918 majeshi ya Wajerumani chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck yalishambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa jirani na Nakonde ya leo, kisha yakateremka hadi Kasama. Bunduki za Ulaya zilinyamaza Novemba 11. Habari hiyo ilimfikia jenerali siku chache baadaye akiwa porini, naye akasalimu amri rasmi Novemba 25 huko Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn. Askari wake wengi walikuwa Waafrika, Waislamu wakiwemo kwa idadi kubwa, na lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili. Nyuma yao walitembea wapagazi, wanawake na watoto. Tukiulizwa majina ya watu hao waliopita hapa, tutataja la jenerali na pengine tusitaje la pili.

Kisha ikaja reli, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mikono ya Wachina, Watanzania na Wazambia. Mwaka 2016 tukapata Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa. Oktoba 2019 marais wa nchi mbili wakafungua rasmi kituo cha huduma za pamoja mpakani. Yote hayo yametokea mbele ya milango yetu. Lakini anayetaka kumsikia mtafiti akiyaeleza kwa mpangilio, na kumhoji uso kwa uso, mara nyingi hana budi kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko, kati ya rafu za maduka machache ya vitabu, waandishi huzungumza na wanahistoria hutoa mihadhara.

Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 900. Gari hupita Vwawa na Mlowo penye harufu ya kahawa, likaingia Mbeya, likakatiza Makambako na Mafinga katika baridi ya misitu ya kupandwa, likateremka Kitonga kwa mwendo wa tahadhari, likavuka hifadhi ya Mikumi, na kumkuta Dar es Salaam msafiri aliyechoka miguu. Msafiri anayo ruhusa aliyopewa na Mola wake ya kupunguza sala na kuzikusanya. Anao pia wasaa wa kutafakari, kwa kuwa elimu haikupata kuwa karibu na mtu yeyote tangu zama za kale. Wanavyuoni wa Hadithi walisafiri miezi kwa ajili ya kusikia riwaya moja kutoka kinywani mwa aliyeipokea. Sisi tunalalamikia siku moja ya basi.

Barabara ya Samora iko katikati ya jiji, na katika barabara hiyo kuna duka la vitabu la TPH, lenye historia yake lenyewe. Herufi hizo zinatokana na Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1966. Mwaka 1972 uongozi wake ulishikwa na Walter Bgoya, na mwaka huohuo shirika hilo, kwa kushirikiana na wachapishaji wa London, lilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney alikuwa mwana wa Guyana aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilichosomwa duniani kote kiliandikwa na mgeni aliyeishi kwetu, na kikachapishwa katika mji ambao wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wakikutana, wakisoma na kubishana. Baadaye, mwaka 1991, Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, kampuni ya uchapishaji ambayo vitabu vyake vingi vya historia vinauzwa humo dukani. Miongoni mwa vitabu hivyo ni wasifu wa Mwalimu Nyerere wa juzuu tatu, uliotoka mwaka 2020 na kuandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata.

Duka hilo si pekee. Kwenye rasi ya Msasani, katika eneo la maduka la Slipway, lipo A Novel Idea, ambalo wageni wanaoishi nchini wamelizoea kwa miaka mingi. Mikocheni kuna Soma Book Café, mkahawa wa vitabu wenye bustani, ambako wasomaji hukutana na waandishi. Anayeingia mahali pa namna hii kwa mara ya kwanza huenda akahisi kwamba si pake. Vitabu vingi ni vya Kiingereza, bei zimepangwa kwa mifuko mingine, na wanaopekua kurasa wengi wametoka ng'ambo. Ni kweli, lakini mlango haukufungwa. Mtu akitoa salamu hujibiwa, na akisoma kurasa chache akiwa amesimama hafukuzwi.

Utaratibu wa mihadhara hauna fumbo. Viti hupangwa, mwenyekiti humtambulisha mwandishi, mwandishi huzungumza, pengine akasoma sehemu ya kitabu chake, kisha huja maswali. Aliyekaa darsani baina ya Magharibi na Isha ataitambua sura hiyo mara moja: mwalimu, kitabu, duara la wasikilizaji, na adabu ya kungoja zamu. Tofauti kubwa ni wasikilizaji wenyewe. Kwetu hujaa jamaa wa mtaa. Huko hujaa wafanyakazi wa balozi na mashirika, wahadhiri, wanafunzi na watalii wachache, na Waislamu wa Kariakoo au Temeke ni wa kuhesabu.

Katika kikao kimoja tulichohudhuria, mazungumzo yalihusu vita ile ya 1914 hadi 1918. Mzungumzaji alieleza mapigano, njia za majeshi na hesabu ya vyakula. Ulipofika wakati wa maswali, wageni waliuliza kuhusu majenerali. Kisha akainuka mzee mmoja aliyevaa kofia ya kufuma, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Aliomba ruhusa kuzungumza kwa Kiswahili, akasema babu yake alikuwa mpagazi. Akamtaja kwa jina lake na jina la baba yake, akataja kijiji alikochukuliwa, na kwamba alirudi akiwa na alama ya kamba begani iliyobaki hadi siku alipozikwa. Hakuuliza swali. Alisema tu kwamba amekuja ili jina hilo litamkwe mahali panapozungumzwa vita hivyo.

Ukumbi ulinyamaza. Mzungumzaji akachukua kalamu, akamwomba mzee alirudie jina, akaliandika herufi kwa herufi. Baada ya kikao walikaa pamoja muda mrefu, mmoja akieleza na mwingine akiandika.

Tukio hilo limetufunza kuliko mhadhara wenyewe. Historia haiandikwi na aliyesoma peke yake. Huandikwa pia na aliyehudhuria. Mtafiti hukusanya kwa walio mbele yake. Asiyekuwepo hazungumzi, na asiyezungumza hatajwi, si kwa chuki bali kwa kukosekana kwake. Tumezoea kunung'unika kwamba mchango wa Waislamu katika nchi hii haukuandikwa ipasavyo. Manung'uniko hayo yana msingi, lakini hayatoshi. Linabaki swali la pili: siku kalamu ilipokuwa wazi, tulikuwa wapi?

Wapo walioitumia. Kleist Sykes, aliyekuwa katika jeshi la Wajerumani wakati wa vita ile, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizitumia karatasi hizo za babu yake kuandika makala, nayo ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Miaka 25 baadaye, mwaka 1998, Mohamed Said alitoa kitabu chake juu ya maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist na mmoja wa waliokuwepo TANU ilipoasisiwa Julai 7, 1954. Mtu anaweza kukubaliana na kitabu hicho au kukipinga, lakini hawezi tena kuandika historia ya TANU akajifanya hakijui. Chanzo cha yote hayo ni karatasi za mzee mmoja, zilizotunzwa nyumbani, na binti mmoja aliyekaa chini akaandika.

Tuzingatie pia njia ambayo habari hizo zilipita. Kitabu cha Mohamed Said kilitoka kwanza London kwa Kiingereza, ndipo kikafuata cha Kiswahili. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobeli ya fasihi mwaka 2021, inayomhusu kijana wa pwani anayesafiri na msafara wa biashara kwenda bara, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Habari za watu wetu zilichukua miaka 28 kurudi katika lugha yetu! Kitabu huenda kwanza palipo na wanaokinunua, wanaokijadili na wanaomwalika mwandishi wake. Viti vya duka la vitabu vikijazwa na watu wa lugha fulani, vitabu navyo vitaifuata lugha hiyo.

Baadhi ya ndugu zetu watasema mambo haya ni ya Wazungu. Hawajaisikia habari ya Baghdad. Mwanajiografia al-Yaqubi, katika karne ya tatu Hijria, alieleza kwamba soko la wauza vitabu la mji huo lilikuwa na maduka zaidi ya 100. Hayo hayakuwa mabanda ya biashara tu; wanavyuoni na watu wa fasihi walikutana humo kusoma na kujadiliana. Inasimuliwa kwamba al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alikuwa akikodi maduka ya vitabu ili alale humo usiku akisoma. Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake kubwa ya vitabu mwaka 377 Hijria, yaani 987 Miladia, alikuwa mwenyewe mwenye duka la vitabu. Na karibu na sisi, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika historia ya ukoo wake na akaanzisha magazeti. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar aliandika habari za wanavyuoni wa Afrika Mashariki, ambao bila kalamu yake wengi wao tungebaki kuwasikia kwa majina tu. Umma ambao neno la kwanza la wahyi wake lilikuwa amri ya kusoma haugeni katika duka la vitabu.

Wala haugeni katika mbinu ya historia. Tumefundishwa sanad: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja hupimwa ukweli wake na kumbukumbu yake. Tanbihi zinazowekwa na mwanahistoria chini ya ukurasa zina kazi inayofanana na hiyo. Kijana aliyesoma elimu ya Hadithi akiuliza katika mhadhara habari hii imepokewa kwa nani, na huyo aliiona au aliisikia, atakuwa ameuliza swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Jambo hili si la anasa. Anayefanya kazi ya ukatibu wa msikiti anajua kwamba hakuna faili linalosumbua kama la kiwanja. Mzee alitoa ardhi kwa ajili ya Allah miaka mingi iliyopita, kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili watatu aliowaamini. Miaka ikapita, mashahidi wakatangulia mbele ya haki mmoja mmoja, na bei ya ardhi mpakani ikapanda. Siku wajukuu wanapouliza hati iko wapi, au ofisi inapotaka maelezo ya asili ya eneo, kinachohitajika ni historia: nani alitoa, lini, mbele ya nani, kwa masharti gani. Mahali ambapo mtu aliandika, msikiti umesalimika. Mahali ambapo hakuna aliyeandika, waumini wameanza kutazamana kwa shaka ndani ya safu moja ya sala.

Na wakati hausubiri. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipokuwa ikijengwa mwaka 1972 sasa amevuka miaka 70. Waliokumbuka mpaka ukiwa njia ya miguu tu wamebaki wachache. Kila mazishi tunayoyasindikiza Tunduma, Vwawa au Mlowo huenda yakawa yanafukia pia ushahidi ambao haukupata mwandishi.

Kwa hiyo tunazishauri familia mambo mawili. La kwanza ni kwamba atakayekuwa Dar es Salaam kwa matibabu, biashara au kumpeleka mtoto chuo, aulizie kama wiki hiyo kuna mwandishi atakayezungumza. Aende na mke wake na watoto wakubwa, kwa mavazi ya heshima na adabu zetu za kawaida. Aangalie saa ya kikao mapema ili sala isipotee. Kwa aliye Barabara ya Samora, Msikiti wa Kitumbini hauko mbali. Kama mahali pana meza za vinywaji visivyotuhusu, achague kiti kilicho mbali au achague kikao kingine. Maduka ni zaidi ya moja. Asione haya kuuliza kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha ya nchi. Na akiweza, anunue kitabu kimoja, kisomwe nyumbani kwa zamu.

La pili ni kuleta viti hivyo kwetu. Tunduma haina haja ya kungoja duka kubwa. Chumba cha madrasa kinatosha, Jumamosi moja kwa mwezi, baada ya Alasiri. Aalikwe mzee mmoja, bibi au babu: aliyefanya kazi relini, aliyeuza nguo Nakonde kabla ya kituo kipya, mama aliyewapikia mafundi msikiti ulipokuwa unajengwa kwa matofali ya kuchoma. Vijana wawili wakae mbele, mmoja na simu ya kurekodi, mwingine na daftari. Waandike mambo manne: jina kamili la msimulizi, mahali, mwaka kwa kadiri anavyoukumbuka, na kama aliliona jambo hilo mwenyewe au alilipokea kwa mwingine. Nakala moja ibaki msikitini na nyingine ipewe familia yake. Yakipatikana masimulizi ya mwaka mzima, mwandishi yeyote wa historia tutakayemwalika atapanda basi kuja Songwe kwa furaha, na hatatukuta mikono mitupu.

Malori yataendelea kupita, na hilo ni jema, kwa kuwa ndiyo riziki yetu. Lakini wanaokaa hapa wanazaliwa, wanaswali, wanajenga na kuzikwa hapa, na mtoto wa Tunduma anastahili kujua kwa majina waliomtangulia. Jumamosi ya kwanza iko karibu, na baadhi ya wazee wangali na nguvu ya kutembea mpaka madrasa. Tuwafuate kabla hatujawabeba.

Wabillahi tawfiq.